Shajara ya mradi: RNA ndogo ndani ya moyo wa mbuzi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mradi umepata rafu moja kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na daftari jipya la jalada gumu. Jina lake kwenye fomu ya idhini halimaliziki kwa pumzi moja. Kwenye daftari nimeandika "Mioyo". Inatosha.

Swali lenyewe ni hili: kati ya RNA mbili ndogo zinazofanana, ni ipi iliyo zamu kwenye moyo kama wetu? Kwenye kromosomu ya 14 ya binadamu kuna jeni mbili zinazopakana, MYH6 na MYH7. Zote ni za mayosini, protini inayovuta msuli wa moyo ukajikunja. MYH6 hutoa mayosini alfa, yenye kasi. MYH7 hutoa beta, ya polepole lakini isiyochoma nishati ovyo. Ndani ya kila moja, kwenye introni, yaani kile kipande kinachokatwa wakati RNA mjumbe (nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini) inatayarishwa, kuna maikroRNA, RNA fupi ya herufi 22 isiyotengeneza protini yoyote: miR-208a ndani ya MYH6, miR-208b ndani ya MYH7. Kwa hiyo seli ikiagiza mayosini inakuwa imeagiza na msimamizi humo humo.

Dada yangu nilimweleza hivi: ni ploti mbili za kupangisha zilizoshikana ukuta, kila moja ina mtunza ploti anayekaa chumba cha nyuma, na hao watunzaji ni ndugu wanaofanana sura. Akauliza kama wanagombana. Hilo ni swali la mwaka wa pili, pesa zikipatikana.

Mengi tunayoyajua yanatoka kwa panya. Mwaka 2007 kundi la Eric Olson kule Dallas lilionyesha kwamba panya walioondolewa miR-208a walishindwa kupandisha mayosini beta moyo ulipowekewa mzigo, na moyo wenyewe haukunenepa wala kujaa makovu kama wa wenzao. Kazi nzuri mno. Lakini moyo wa panya hupiga mara 500 hadi 600 kwa dakika, na vyumba vyake vya chini akiwa mzima vinaendeshwa na alfa. Vyetu sisi vinaendeshwa na beta. Msimamizi aliye zamu kwa panya huenda kwetu yuko likizo, na ndugu yake ndiye anayeshika funguo. Mnyama mkubwa mwenye mapigo ya polepole atapatikana wapi Nairobi bila kujenga banda la wanyama wa maabara? Ni mbuzi, anachinjwa kila alfajiri kichinjioni Dagoretti.

Jumanne, 11 Machi

Barua ya kamati imetoka. Mbuzi anachinjwa kwa ajili ya nyama, mimi naokota tu, kwa hiyo maswali hayakuwa mengi. Mkaguzi wa nyama amekubali, kwa sharti moja: haguswi mnyama kabla yeye hajamaliza.

Jumatano, 19 Machi

Nilitoka nyumbani saa kumi usiku kwa teksi, chupa ya naitrojeni ya maji, ile ya kugandishia papo hapo, miguuni. Dereva aliuliza mara mbili kama kile kinachofuka moshi kitalipuka.

Kichinjio kilikuwa kimeshachangamka: mvuke, maji ya moto sakafuni, redio inasoma matangazo ya vifo. Mzee anayepasua vifua, ambaye naona atakuwa mshirika wangu wa karibu kuliko msomi yeyote, alinitazama nikivaa koti la maabara akasema, "Daktari, hapa koti jeupe ni la mkaguzi. Hawa watu watadhani umekuja kutufungia." Nikalivua. Kijana anayechinja alikuwa amefunga Ramadhani, hana maneno mengi. Bismillahi, kisha kisu.

Moyo wa mbuzi ukitolewa bado unatetemeka mkononi kwa muda. RNA haina subira hiyo. Enzimu zinazoikatakata ziko kila mahali, kwenye damu, kwenye ngozi ya vidole vyangu, na tishu ikishakufa hakuna wa kuzizuia. Nilipanga dakika 5 kutoka kifuani hadi kwenye naitrojeni. Mbuzi wa kwanza alinichukua dakika 14, kwa sababu sikujua moyo hauachiliwi hadi mkaguzi autazame. Wa tatu dakika 6. Mzee alikuwa ameshauelewa mchezo: anapiga ukelele "Moyo! Moyo!" kama makanga anayeita watu wa Kawangware.

Kutoka kila moyo nakata sehemu mbili: lile sikio la chumba cha juu cha kushoto, na ukuta mnene wa chumba cha chini cha kushoto. Vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Moyo uliobaki mzee aliufunga kwenye gazeti akanipa. "Usiache mali." Tuliula jioni na sukuma wiki.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeharibu mioyo mitatu, na sina wa kumlaumu.

Tulitumia seti ya kusafishia RNA tuliyoazima kwa majirani. Ina vichujio vya silika, ni safi, ni ya haraka, dakika 40 umemaliza. Jeli, inayotenganisha RNA kwa urefu, ikaonyesha RNA nzuri ajabu. Kisha tukapima miR-1. Hii ni maikroRNA ya misuli, na moyoni ni miongoni mwa zinazopatikana kwa wingi kabisa. Kwenye PCR, njia ya kuzidisha nakala hadi zipimike, kila mzunguko huzidisha mara mbili, kwa hiyo kinachojitokeza mapema ndicho kilicho kingi. Niliitarajia mzunguko wa 18 au hapo karibu. Ilijitokeza wa 33. Hiyo si ishara, ni fununu.

Nilikaa saa nzima nikilaumu vianzio (vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili kwenye PCR), mashine, hata maji. Baadaye nikasoma karatasi iliyokuja ndani ya boksi, ile ambayo hakuna anayeisoma. Vichujio hivyo vinashika RNA ya kuanzia herufi 200 hivi. Fupi zinapita na maji ya kuoshea. Kwa anayepima jeni za kawaida huo ni wema, takataka ndogo zimeondoka. Takataka hizo ndizo mradi wangu. Nimechekecha, nikamwaga unga, nikahifadhi makapi kwenye friza kwa lebo nzuri.

Tunarudi kwenye njia ya zamani: majimaji ya waridi yenye fenoli, klorofomu, kisha kuigandisha RNA kwa pombe usiku kucha. Inanuka na inachosha, lakini haichagui mkubwa wala mdogo.

Jumatano, 2 Aprili

Idd imepita, vianzio tulivyoagiza bado. Siku ya 9 sasa mzigo umekwama, na kila simu ninayopiga inazaa karatasi moja zaidi ya kupeleka.

Nimeutumia muda kumfundisha kijana aliyekuja kwa mafunzo ya kazini. Alikuwa ameandika kwenye ripoti yake, "MaikroRNA huzima jeni." Nimemfutia. Tukaanza upya ubaoni. Jeni inanakiliwa kuwa RNA ndefu inayojikunja kama pini ya nywele. Ndani ya kiini, enzimu iitwayo Drosha inaikata shina. Pini inasafirishwa nje, Dicer inakata kichwa, na uzi mmoja wa herufi 22 hivi unapakatwa na protini ya Argonaute. Kutoka hapo herufi ya 2 hadi ya 8, ambazo tunaziita mbegu, zinatafuta RNA mjumbe yenye herufi za kuoana nazo, mara nyingi kwenye mkia wake. Zikishaoana, mjumbe huyo hasomwi vizuri, na baadaye anavunjwa.

Lakini hazimi. Mara nyingi maikroRNA moja haifikishi protini hata kwenye nusu. Ni mtu anayechomoa ukuni mmoja jikoni: sufuria inaendelea kuchemka, ila haifuriki. Kijana akauliza, basi ina kazi gani? Kazi ni kwamba inachomoa ukuni kwenye majiko mengi kwa wakati mmoja, na moyo ni kiungo kisichovumilia kufurika. Maabara ya Deepak Srivastava ilionyesha mwaka 2005 kwamba miR-1 hushusha Hand2, protini inayoongoza ukuaji wa vyumba vya chini vya moyo. Miaka miwili baadaye wakafuta moja tu kati ya jeni mbili za miR-1 kwa panya, na wengi wakafa mapema, wengine wakiwa na tundu kwenye ukuta unaotenga vyumba.

Na mlango wa haya yote ulifunguliwa na mnyoo wa milimita moja. Victor Ambros na Gary Ruvkun walichapisha habari za lin-4 mwaka 1993, na kwa miaka kadhaa watu wakaichukulia kuwa kioja cha minyoo. Nobeli ikaja 2024. Kijana alipiga hesabu akasema, "Miaka 31." Nikamwambia vianzio vyetu siku 9 si kitu.

Jumanne, 15 Aprili

Vianzio vilifika Alhamisi. Jumamosi usiku stima ikapotea.

Jenereta iliwaka ikazima. Mlinzi hakuwa na namba yangu, alikuwa na ya mtu aliyehama miaka miwili iliyopita. Nilipofika Jumapili mchana, barafu ya kuta za friza ilikuwa maji sakafuni, na mioyo minne ya raundi ya pili ilikuwa imelainika kwenye mirija. Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kwa muda usioandikika.

Hata hivyo nimeitoa RNA, kwa ukaidi tu. RNA nzima huonekana kwenye jeli kama mistari miwili inayong'aa, ile ya kipande kikubwa na ya kipande kidogo cha ribosomu, kiwanda cha protini cha seli. Yangu ilikuwa moshi kutoka juu hadi chini. Imekatikakatika yote. Kisha, kwa kuwa vianzio vipo na sikuwa na la kupoteza, nikapima miR-1.

Mzunguko wa 18. Mirija yote.

Nilirudia leo asubuhi nikapata yale yale. Sababu si muujiza: herufi 22 hazina mengi ya kukatwa, na Argonaute imezikumbatia enzimu zisifike. Ndiyo maana watu huweza kupima maikroRNA hata kwenye vipande vya hospitali vilivyokaa miaka ndani ya nta. Lakini kusoma jambo kwenye makala ni tofauti na kuliona likitoka kwenye nyama iliyolainika kwa sababu ya stima.

Nilimpelekea Prof nikiwa na furaha. Alitazama jeli, akatazama mchoro, akanirudishia. "Kijana wangu, mtoto yupo. Mama yuko wapi?" Ana haki. Mradi unalinganisha 208a na 208b dhidi ya RNA mjumbe za MYH6 na MYH7, na hizo ni ndefu, ndizo zilizogeuka moshi. Nikitumia mioyo hii nitakuwa na watoto wazima na mama waliosagika, kisha niseme watoto hawafanani na mama. Imetupwa. Namba yangu imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa friza, na nyingine kwa mlinzi.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Hakuna kazi ya maabara. Dada alikuja, yeye ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na ana tabia ya kuuliza swali ambalo kamati haikuuliza. "Hizi RNA zako zinahusiana na wale mama wanaojifungua salama, halafu baada ya wiki mbili hawawezi kulala chali kwa kukosa pumzi?"

Zinahusiana, ingawa si zangu. Homoni ya maziwa, prolaktini, inaweza kukatwa ikabaki kipande kidogo, na kipande hicho huzifanya seli za kuta za mishipa midogo ya damu zitengeneze miR-146a kwa wingi. Seli hizo huifunga kwenye vifuko vidogo na kuitoa nje. Seli za msuli wa moyo huvipokea. Ndani yake miR-146a inashusha ErbB4, protini ambayo msuli unaihitaji ili ustahimili. Hayo yalichapishwa 2013. Yaani msimamizi hakuzaliwa ndani ya ploti, ametumwa kutoka kwa jirani. Dada alinyamaza kidogo, kisha akasema sisi tunawaambia ni uchovu wa kulea. Nimeandika hapa ili nisisahau kwamba mimi napima mbuzi, yeye anapima pumzi za watu.

Jumatano, 7 Mei

Kazi ya leo ni ya kuchosha kuisoma, na ndiyo iliyo muhimu kuliko zote. Ndugu wawili wanafanana mno: miR-208a na miR-208b zinatofautiana herufi 3 tu kati ya 22, ya 10, ya 16 na ya 18. Mbegu zao ni zile zile, maana yake huenda zinachomoa kuni kwenye majiko yale yale. Kwa seli pengine haidhuru ni nani aliyekuja. Kwangu inadhuru, kwa sababu kianzio kinachoshika mkia hugusa herufi 6 za mwisho, na humo tofauti ni herufi moja tu.

Tulinunua RNA za kutengenezwa, 208a tupu na 208b tupu, tukazipitisha kwa kila kianzio. Kianzio cha 208b kikipewa 208a kinadanganyika, lakini mizunguko 7 baadaye, yaani chini ya asilimia 1. Cha 208a kinadanganyika kidogo zaidi ya hapo, mizunguko 6. Tunaweza kuishi na hilo. Tumechora pia mstari wa vipimo kwa kila kimoja ili wingi wao ulinganishike.

Jumanne, 13 Mei

Mioyo 6 mipya kutoka Dagoretti, dakika 5 hadi 7 kila mmoja. Mzee aliuliza ile ya kwanza iliishia wapi. Nilimwambia ukweli. Alicheka hadi akaweka kisu chini.

Alhamisi, 22 Mei

Jeli safi, mistari miwili kwenye mirija yote 12. Nimekagua mara tatu kabla ya kuamini.

Kwanza tatizo. RNA tunayotumia kama kipimo cha kulinganishia, U6, haikutulia: kwenye vyumba vya juu inajitokeza mzunguko mmoja na nusu mapema kuliko vya chini. Ningeitumia kama ilivyo, ningepotosha kila namba. Nimeamua kuachana nayo na kutazama uwiano wa 208a kwa 208b ndani ya mrija mmoja. Uwiano hauulizi ni tishu kiasi gani niliweka.

Mbuzi watano kati ya sita wanasema neno moja. Ukuta wa chumba cha chini: 208b inaongoza, 208a iko nyuma sana. Sikio la chumba cha juu: 208a iko mbele. Na mama zao wanafuata hivyo hivyo, MYH7 chini, MYH6 juu. Kwa mbuzi, mtunza ploti anayeshika funguo za vyumba vya chini ni 208b. Ukichukua jaribio la panya, ukaandaa dawa ya kuifunga 208a, ukaipeleka kwenye moyo wa aina hii, unaweza kuwa unabisha mlango wa chumba kisicho na mtu. Naandika "unaweza" kwa sababu wingi si kazi; sijaonyesha kwamba 208b inafanya lolote, nimeonyesha tu ipo.

Mbuzi wa 4 amegeuza kila kitu. Chini 208a, juu 208b. Kinyume kabisa, si kwa kubahatisha.

Prof alipoona matokeo ya wale watano aliongeza mradi papo hapo, kama kawaida yake. Sasa anataka tutafute RNA ndefu inayoitwa Mhrt. Kwa panya hutoka kwenye ploti hiyo hiyo, ikinakiliwa kutoka Myh7 kwa upande wa kinyume. Kazi yake, kwa makala ya 2014, ni kumshika Brg1, protini inayobadilisha namna DNA ilivyofungwa, isije ikaugeuza moyo uliolemewa kuwa mnene. Ni hadithi tamu. Ila RNA ndefu hazikuhifadhiwa na mageuzi kama fupi: Braveheart, iliyopata sifa kwa panya 2013, mwenziwe kwa binadamu hajaonekana. Vianzio vya panya kwa mbuzi ni kupiga ramli. Nimemwambia nitafikiria, maana yake hapana kwa adabu.

Jumanne, 27 Mei

Siku tano na mbuzi wa 4. Nilianza na dhana kubwa: labda alikuwa mgonjwa, labda tezi yake ya shingo ina kasoro, kwa kuwa homoni ya tezi hupandisha MYH6 na kushusha MYH7. Nilishaanza kuandika aya yake kichwani.

Kijana wa mafunzo ndiye aliyeuliza, "Na kama ni mirija tu imebadilishana?" Nikamkazia macho. Kisha tukaitoa mirija ya Mei 13. Kwenye ya mbuzi wa 4, herufi ya kifuniko imefutika nusu. Kalamu yetu haivumilii ethanoli. Kinachosomeka kinaweza kuwa J (juu) au C (chini), kutegemea unataka nini.

Kuna njia ya kujua. Jeni ya MYL7 ni ya vyumba vya juu, ya MYL2 ni ya vyumba vya chini. Hazihusiani na swali letu, kwa hiyo haziwezi kutupendelea. Tumepima jana. Mrija ulioandikwa "chini" umejaa MYL7. Ulioandikwa "juu" umejaa MYL2. Si tezi, si ugonjwa. Ni kalamu.

Nilitaka kuzigeuza lebo, mbuzi wa 4 ajiunge na wenzake, wawe sita kwa sita. Prof amekataa. "Ukimrekebisha anayekupinga kwa kipimo cha pembeni, inabidi uwapime na wale watano wanaokukubali." Tumewapima leo, wote wako sawa. Bado amekataa. Mbuzi wa 4 ataandikwa kwenye ripoti kama alivyo, na sababu yake, na hatahesabiwa. Nilikasirika hadi chakula cha mchana. Baada ya chai sikuwa na hasira tena, ila sikumwambia.

Jumatano, 4 Juni

Dagoretti tena, saa kumi na moja alfajiri. Wiki hii ni ya Idd ya kuchinja. Mbuzi ni wengi getini na bei imepaa, na kila mtu ana haraka. Safari hii herufi nimezichora kwenye mirija kwa sindano iliyochomwa moto, J na C, kubwa za kutosha kusomeka kwa kidole gizani.

Mzee alinipokea na swali. "Daktari, moyo mmoja tu leo? Umemkosa wapi yule mwingine?"

"Nilimwandika vibaya, mzee."

Akatikisa kichwa, akageuka kwenye mstari wa mbuzi. "Moyo!"

Mbuzi wa 7: dakika 4. Chupa imefungwa, teksi iko getini.